Wamennonite na Upanga: Uchambuzi wa Imani Yao na Maisha Yao

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Ama baad.

Katika darsa yetu ya fiqhi, tulipokuwa tukisoma mlango wa yamini, mwanafunzi mmoja aliyekulia mkoa wa Mara alinyoosha mkono akauliza: "Sheikh, kwetu kuna kanisa ambalo asili ya mafundisho yake ni kutoapa na kutopigana vita, na nimeona picha za wenzao wa Marekani, wanawake wamefunika vichwa na kuvaa nguo ndefu. Je, hawa si karibu zaidi na sisi kuliko Wakristo wengine?" Kabla hatujafungua mdomo, mwenzake akadakia kuwa huo wote ni upole wa paka mbele ya panya, mtego wa wamishionari na si jingine. Darsa ikagawanyika, kila mmoja na upande wake.

Tuliwaambia wasubiri. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, na katika vijana wale hakukuwa na aliyekifahamu. Wa kwanza alitazama nguo, wa pili alitazama nia, na nia haijui ila Allah. Tukaahidi kuandika, kwa kuwa tunajua maimamu wengi, hasa wa kanda ya Ziwa, huulizwa swali hili hili.

Kanisa alilolikusudia ni Kanisa la Mennonite Tanzania. Wamishionari wake wa mwanzo walitoka Pennsylvania, Marekani, wakafika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934. Askofu wao wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, aliwekwa mwaka 1967. Lakini shina la mti huu liko mbali, katika milima ya Uswisi, na bila ya kulichimba shina hatutajua matunda yametoka wapi.

Walipotokea

Mwezi Januari 1525, katika mji wa Zürich, vijana wachache waliokuwa wafuasi wa mageuzi ya Zwingli walitofautiana naye juu ya ubatizo wa watoto wachanga. Walisema imani haiingii kwa maji yanayomwagiwa mtoto asiyejua kulia na kushoto. Imani ni ya mtu mwenye akili aliyechagua. Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni, na kwa sababu hiyo maadui zao wakawaita "wabatizao tena". Serikali ya Zürich, ya Waprotestanti wenzao, ikawahukumu. Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat mwezi Januari 1527. Walimwadhibu kwa maji kwa kuwa alikosa kwa maji.

Mwezi uliofuata, Februari 1527, wenzake walikutana katika kijiji cha Schleitheim chini ya uongozi wa Michael Sattler, mtawa wa zamani, wakaandika vifungu saba: ubatizo, kutengwa kwa mkosaji, kuumega mkate, kujitenga na ulimwengu, wachungaji, upanga na kiapo. Mwenye kutaka kuwaelewa Wamennonite na aanze hapo. Makundi yao yamegawanyika sana tangu wakati ule, lakini karibu kila ugomvi wao ni ugomvi juu ya namna ya kukitekeleza kimojawapo cha vifungu hivi.

Sattler alikamatwa, kisha akashtakiwa mwezi Mei mwaka huo huo katika mji wa Rottenburg. Katika mashtaka yake limo moja ambalo msomaji wetu anapaswa kulijua. Ilisemwa kuwa amefundisha kwamba Waturuki wakiingia nchini wasipigwe. Tukumbuke kuwa miezi tisa tu kabla ya hapo, Agosti 1526, Sultani Suleiman alikuwa amelivunja jeshi la Hungary huko Mohács, na Ulaya yote ilikuwa ikitetemeka. Sattler hakukana. Alijibu kuwa ndivyo alivyofundisha, kwani kuua kumekatazwa. Na akaongeza kuwa lau vita vingekuwa halali, angeona afadhali kupigana na wanaojiita Wakristo na huku wanawaua wacha Mungu, kuliko kupigana na Mturuki. Mturuki, alisema, hajui dini ya Kikristo, ama nyinyi mnaijua na mnaivunja. Wakamkata ulimi, wakamchoma moto. Mkewe akazamishwa siku chache baadaye.

Wapo wenzetu waliolisoma tukio hili wakafurahi, wakasema Sattler aliwapenda Waislamu. Hapana. Kwake yeye Mturuki lilikuwa neno la dharau, na aliwaambia mahakimu wake kuwa wao ni Waturuki wa kiroho kwa maana ya kuwatukana. Insafu inatutaka tuyapokee maneno yake kama alivyoyasema: hakutupenda, bali aliona haramu kutuua. Haya ni mambo mawili tofauti.

Ama jina lao limetokana na Menno Simons, padri wa Friesland huko Uholanzi. Mwaka 1534 kundi moja la wabatizao tena liliuteka mji wa Münster kwa silaha, likatangaza ufalme wa Mungu, na mwaka 1535 ukaisha kwa maangamizi. Menno aliyaona hayo, akaacha upadri mwanzoni mwa mwaka 1536, akawakusanya waliobaki juu ya msingi wa Schleitheim: hakuna upanga kabisa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, msimamo huu haukuwa ndoto ya watu wasioijua vita. Uliandikwa na watu walioteswa, kisha ukakazwa na mtu aliyewaona ndugu zake wakishika silaha kwa jina la dini na kuangamia.

Imani inapoingia nyumbani

Hatutarefusha juu ya asili ya itikadi. Wao ni Wakristo wa Utatu, wanaamini kusulubiwa na kafara, na kauli yetu katika hayo inajulikana. Linalotushughulisha hapa ni namna imani yao inavyoingia jikoni, shambani na sokoni, kwa sababu katika jambo hili wachache katika Wakristo wa Magharibi wanawafikia.

Chukua ubatizo. Katika makundi yao ya kale, yale wanayoyaita ya Utaratibu wa Zamani, mtoto hulelewa katika mila zote za jamaa lakini si mwanachama wa kanisa. Hubatizwa akiwa kijana, mara nyingi kabla ya ndoa, na kuanzia siku hiyo anabanwa na kanuni za kanisa na anaweza kuadhibiwa nazo. Mwanafunzi wa fiqhi ataona hapa kivuli cha taklifu, kwamba kalamu haimwandiki mtu ila kwa baleghe na akili. Lakini kwetu mtoto wa Waislamu ana hukumu ya Uislamu tangu kuzaliwa, na huamrishwa sala akiwa na miaka saba, hasubiri hadi achague.

Au chukua mavazi na vyombo. Makundi haya ya kale, hususan katika wilaya ya Lancaster huko Pennsylvania, huvaa nguo za rangi moja au za maua madogo, zisizo na mapambo, na wanawake hufunika vichwa kwa kufuata waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho. Baadhi yao hupanda magari ya farasi mpaka leo. Mwaka 1927 waligawanyika huko Lancaster juu ya motokaa: wengine waliiruhusu kwa sharti iwe nyeusi, wengine wakabaki na farasi. Waliobaki na farasi hutumia trekta shambani, lakini lazima magurudumu yake yawe ya chuma, bila mpira. Msomaji atacheka, kama tulivyocheka sisi mara ya kwanza. Kisha tukatafakari. Hawasemi kuwa mpira ni haramu kwa dhati yake. Wanasema trekta lenye matairi ya mpira litakwenda barabarani, likienda barabarani litakuwa motokaa, na motokaa itawatawanya watoto wetu mbali na jamaa. Hii ni nini kama si kuziba njia, ile ambayo mafakihi wa Kimaliki waliipanua kuliko wengine? Tofauti ni kuwa kwetu mwenye kuziba njia anatakiwa athibitishe kuwa madhara yanakaribia kuwa yakini. Kwao hutosha makubaliano ya wachungaji wanapokutana, mara mbili kwa mwaka.

Katika kusaidiana hatuna la kuwakosoa, bali tuna la kujifunza. Ghala la mmoja wao likiungua, majirani hukusanyika na mbao na misumari, wanaume juu ya paa na wanawake kwenye vyungu, wakalisimamisha upya kwa muda mfupi. Makundi ya kale hukataa bima ya biashara kwa kuona kuwa inamwondoa mtu mikononi mwa ndugu zake, na badala yake huchangiana gharama za moto na za hospitali. Mafakihi wetu wamejaza kurasa juu ya gharari iliyomo katika bima ya biashara. Ni misikiti mingapi yenye mfuko wa kumsimamishia nyumba jirani aliyeunguliwa?

Kiapo nacho wamekikataa kabisa, kwa kutegemea mafundisho ya Masihi (A.S.) kama yalivyo katika Injili ya Mathayo sura ya 5: ndiyo iwe ndiyo, na siyo iwe siyo. Huko Uholanzi, mwaka 1577, William wa Orange aliwaagiza wakuu wa mji wa Middelburg wakubali neno lao badala ya kiapo, na leo mahakama za Marekani zinamruhusu mtu kuthibitisha ukweli wa maneno yake bila kuapa. Tunakiri kuwa wamefika mahali pazuri kwa njia isiyo sawa. Qur'ani nayo, katika Suratul Baqarah aya ya 224, imetukataza tusimfanye Allah kuwa kikwazo kwa viapo vyetu, na katika Suratul Maidah aya ya 89 imetuamrisha tuvihifadhi. Lakini ingia dukani leo ukaulize bei ya kitenge: utasikia wallahi tatu kabla hujatajiwa shilingi. Mmennonite wa kweli akikuuzia ng'ombe atasema "ana kilema mguuni" na asiongeze neno.

Hata hivyo, kiapo hakikuwekwa kwa ajili ya soko. Sharia imeweka ushahidi kwa mwenye kudai na yamini kwa mwenye kukanusha, kwa sababu siku zote watakuwapo watu wawili wanaogombana na hakuna shahidi. Pakiwa hapana kiapo, kadhi afanye nini? Wao hujibu kuwa ndugu hawashtakiani. Jibu hilo linasikika vizuri mpaka siku ambayo mmoja wa ndugu amedhulumu. Hapa ndipo tunapofika kwenye fundo lenyewe, kwa kuwa kifungu cha kiapo na kifungu cha upanga vimefungwa kwa kamba moja.

Kifungu cha upanga

Waandishi wa Schleitheim hawakusema kuwa upanga wa serikali ni batili. Walisema upanga umewekwa na Mungu, unamwadhibu mwovu na kumlinda mwema, ila uko nje ya ukamilifu wa Kristo. Ndani ya ukamilifu hakuna adhabu ila kutengwa. Kwa hiyo Mkristo hawi hakimu, hawi askari, hawi mtawala.

Mfano wao mkubwa ni Dirk Willems, ambaye habari zake zimo katika kitabu chao cha mashahidi kilichochapishwa Uholanzi mwaka 1660. Mwaka 1569, karibu na Asperen, alitoroka kifungoni akikimbia juu ya barafu. Aliyemfukuza akatumbukia majini. Dirk akarudi, akamvuta, akamwokoa. Na yule aliyeokolewa akalazimishwa kumkamata. Dirk akachomwa moto.

Hatumcheki mtu huyu. Katika dini yetu tunao waliokataa kunyoosha mkono. Mtoto wa Adam aliyeuawa, katika Suratul Maidah aya ya 28, alimwambia nduguye kuwa hatamnyooshea mkono ili amuue. Na Sayyidna Uthman (R.A.), mwaka 35 Hijria, nyumba yake ilipozingirwa, aliwazuia waliotaka kumpigania. Mafakihi wa Kishafii wakachukua hapo hukumu wanayoitaja katika mlango wa siyali, yaani mlango wa mwenye kushambuliwa: Mwislamu akishambuliwa na Mwislamu mwenzake, inajuzu kwake kujisalimisha, na kwa kauli iliyo dhahiri zaidi si wajibu kujitetea.

Lakini soma ukurasa huo huo mpaka mwisho. Imamu Nawawi katika Minhaj anasema kuhusu mali kuwa kuitetea si wajibu. Kisha anapofika kwenye heshima ya mwanamke anasema kuitetea ni wajibu. Ruhusa ya kujisalimisha imefungika kwa nafsi ya mwenye kuruhusiwa. Uthman (R.A.) alisamehe damu yake, hakusamehe damu ya mtu mwingine, wala hakufuta mahakama za Madina. Na qisasi katika Suratul Baqarah aya ya 178 ni haki, na msamaha umetajwa ndani yake, lakini anayesamehe ni mwenye haki.

Kosa la Schleitheim, kwa maoni yetu, ni hapa. Wamechukua fadhila ya mtu mmoja juu ya haki yake mwenyewe, wakaifanya kuwa sheria ya jamii nzima juu ya haki za wengine. Na kwa kuwa dhulma haikomi kwa kutangaza kuwa tumekamilika, ikawalazimu daima waishi chini ya upanga wa mtu mwingine.

Historia yao wenyewe inashuhudia. Baadhi yao waliohamia Urusi walipoona serikali ya kifalme inataka kuwaingiza vijana wao jeshini, waliondoka kuanzia mwaka 1880 kuelekea nchi za Waislamu za Asia ya Kati, wakiongozwa na Claas Epp aliyewaahidi kuwa Masihi atawashukia huko mashariki. Wakiwa Serabulak, Waislamu wa kijiji waliwapa msikiti wao wausalie. Waliposogea hadi Lausan walivamiwa mara kwa mara na wanyang'anyi, nao hawakupigana. Amani waliipata mwaka 1884 pale Khan wa Khiva, Muhammad Rahim, alipowapa makazi karibu na mji wake, mahali palipoitwa Ak Metchet, maana yake msikiti mweupe. Wakakaa hapo nusu karne, mafundi seremala wa kusifika, hadi Wasovieti walipowahamisha kwa nguvu mwaka 1935. Masihi hakushuka mwaka 1889 aliokadiria Epp, wala 1891 aliosogeza baadaye. Aliyewalinda, kwa idhini ya Allah, alikuwa Khan, na Khan alikuwa na askari.

Waliobaki Urusi ya kusini wakapata mtihani mkali zaidi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1918, vijana wao wengi walichukua bunduki na kuunda kikosi cha kujilinda, kwa kuogopea mama na dada zao. Mwezi Oktoba 1919, katika kijiji cha Eichenfeld, wafuasi wa Makhno waliua watu zaidi ya 70 kwa usiku mmoja. Wapo wazee wao waliosema kuwa bunduki zile ndizo zilizozidisha hasira, na huenda ni kweli. Sisi tunasema tu kuwa kijana aliyelelewa miaka ishirini kuwa hakuna utetezi wa halali, siku anaposhika silaha hana kitabu cha kumwambia wapi aanze na wapi akome. Mlango wa siyali una mipaka: aanze kwa la dogo, asipige pale panapotosha kelele, asifukuze aliyekimbia. Asiyekuwa na mlango huo atachagua baina ya kukaa kimya na kuvuka mpaka. Hata huko Marekani, katika vita vya pili vya dunia, serikali ilipowaruhusu kutumikia misituni na katika hospitali za wagonjwa wa akili badala ya jeshi, waliochagua utumishi huo hawakufika nusu ya vijana wa Kimennonite walioitwa. Wengi wa waliobaki walikwenda jeshini.

Na sasa Bolivia. Tumesita kuliandika hili, lakini kulificha kungekuwa khiyana. Katika koloni la Manitoba, mkoa wa Santa Cruz, wanaishi Wamennonite wa mila kali, mbali na miji, wanawake wao wengi hawajui Kispanyola. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wanawake na watoto wa kike zaidi ya mia moja walikuwa wakiamka asubuhi na maumivu na damu, bila kukumbuka kitu. Wengine waliambiwa ni mashetani, wengine ni ndoto zao. Mwezi Juni 2009 wanaume wawili walikamatwa wakiingia nyumba ya watu usiku. Ikadhihirika kuwa ni watu wa koloni lenyewe, waliopuliza madirishani dawa ya kulazia mifugo kisha wakaingia kubaka. Wazee, waliokuwa hawana ila kutenga, waliona kuwa kutenga hakutoshi kwa jambo hili, wakawakabidhi kwa polisi wa Bolivia. Mwaka 2011 mahakama iliwafunga saba miaka 25 kila mmoja, na wa nane, aliyetengeneza dawa, miaka 12 na nusu.

Angalia, ndugu msomaji, walipofikishwa: kwa ule upanga ulio nje ya ukamilifu. Hatuwalaumu kwa kuwapeleka, walifanya lililo wajibu. Tunauliza juu ya waliyoambiwa wanawake baada ya hapo, kuwa ni lazima wasamehe, kwani asiyesamehe hasamehewi. Nani amempa mzee wa kanisa mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya binti aliyedhulumiwa? Msamaha unaodaiwa kwa vitisho vya Jahannamu si msamaha. Ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wala tusidhani kuwa hili ni la wakulima wasiosoma. Mwanatheolojia wao mashuhuri kuliko wote katika karne iliyopita, John Howard Yoder, aliyeandika juu ya siasa ya Yesu mwaka 1972 na kusomwa dunia nzima, aliwadhulumu kingono wanawake wengi kwa miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa ni zaidi ya mia moja. Wakuu wa chuo na wa kanisa walilijua kwa muda mrefu, wakalishughulikia kwa vikao vya siri na maneno ya upatanisho. Chuo chao kilikiri na kuomba radhi hadharani mwaka huo wa 2015, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1997.

Atasema msemaji: je, kwetu hakuna maovu yanayofichwa chini ya mkeka kwa jina la sitara? Yapo, na tunayajua, na wapo walimu wa madrasa waliohamishwa kijiji badala ya kufikishwa kwa kadhi au polisi. Lakini anayefanya hivyo kwetu anakwenda kinyume na kitabu chake, na mwanafunzi wake yeyote anaweza kumfungulia ukurasa akamwonesha. Binti wa Manitoba hakuwa na ukurasa wa kumfungulia mzee wake.

Kutengwa, ambako ndiyo adhabu yao pekee, nako kunahitaji neno. Ungamo lao la Dordrecht la mwaka 1632 linaamuru kumkwepa aliyetengwa hata katika kula na kunywa, na mwaka 1693 Jakob Ammann alishikilia ukali huo mpaka wafuasi wake wakajitenga, nao ndio Waamishi wa leo. Kwetu kususa kupo. Ka'b bin Malik (R.A.) na wenzake wawili walisuswa siku hamsini baada ya Tabuk, na hata wake zao waliamrishwa wajitenge nao katika siku kumi za mwisho. Lakini ile ilianza kwa amri ya Mtume (S.A.W.) na ikakoma kwa wahyi, na katika magomvi ya dunia tumekatazwa kuzidisha siku tatu. Kususa kusikokuwa na kikomo, kunakoamuliwa na jamaa za mtu, kumewaacha wengi huko wakiwa hai na huku mama zao hawali nao meza moja.

Limebaki swali la yule kijana wa pili, aliyesema ni mtego. Wamennonite walifika Mogadishu mwaka 1953, wakafungua shule na hospitali katika nchi ya Waislamu watupu. Kuwa walitaka kueneza dini yao hilo halina shaka, nao hawakulificha. Mwaka 1962 mmoja wao, Merlin Grove, alichomwa kisu akafa akiwa anaandikisha wanafunzi, na mkewe akajeruhiwa vibaya. Mwaka 1963 serikali ya Somalia ikaamuru Uislamu ufundishwe katika shule zote, na za binafsi zikiwemo. Wengi walidhani Wamennonite watafunga virago. Walishauriana, wakakubali, Qur'ani ikafundishwa ndani ya shule zao na mwalimu Mwislamu. Walibaki mpaka miaka ya sabini, serikali ilipozitaifisha shule na wao wakaondoka.

Tulimwuliza kijana wetu: aliyemuua Grove ana hoja gani kifiqhi? Mtu aliyeingia nchi ya Waislamu kwa ruhusa ya watawala wake ana amani, na mwenye amani damu yake ni haramu, na hadithi iliyo katika Sahihi Bukhari imemtishia anayemuua mwenye ahadi kuwa hatainusa harufu ya Pepo. Kama ana kosa la kuhubiri, lina mkuu wa nchi wa kulihukumu, si mtu wa barabarani na kisu chake. Kijana alinyamaza. Mwenzake wa Mara naye tukamwambia kuwa kitambaa cha kichwani hakimkaribishi mtu kwetu wala hakimweki mbali, na kuwa anaweza kutibiwa katika hospitali yao ya Shirati na kuwashukuru kwa wema wao bila kubadili chochote katika itikadi yake.

Wamennonite husimulia kuwa mjane wa Grove alimsamehe aliyemuua mumewe. Tuliposoma habari hiyo tulirudi kwenye mlango wa damu kuona kama tuna la kusema, na hatukulipata. Yeye alikuwa mke wa marehemu, na kwa madhehebu yetu mke ni katika warithi wenye haki ya kusamehe. Haki ilikuwa yake, akaiachia kwa hiari.

Wiki ijayo, inshaallah, darsa itaingia mlango wa siyali, na tumewaagiza wote wawili waje na Minhaj.

Wallahu a'lam.